Zimwi Lenye Mashavu ya Mtoto



Usiku wa kuamkia Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Isha, mjukuu wangu aliye gredi ya 4 alinijia na karatasi mkononi na machozi machoni. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi amwombe mtu mzima wa kwao amsimulie hadithi ya kale, kisha amchore mhusika mmoja na kuandika maneno machache chini ya mchoro. Bibi yake akamsimulia hadithi ya zimwi na ngoma, ile ya binti aliyekwenda pwani na wenzake kuokota makombe, akalisahau kombe lake zuri mwambani, akarudi peke yake kulitwaa. Zimwi likamkamata, likamtia ndani ya ngoma, likawa linamtembeza mji hata mji, likipiga ngoma na binti akiimba, na watu wakilipa chakula bila ya kujua sauti ile ni ya nani. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akasogea karibu na taa, akachora.

Alichokichora ni hiki. Kichwa kikubwa cha mviringo mfano wa dafu, kimechukua nusu ya karatasi. Mwili mdogo mnene usio na shingo. Vimikono viwili vifupi visivyoweza kukutana hata tumboni. Macho mawili meusi, makubwa, ameyaweka chini kabisa ya uso, karibu na mdomo, na katika kila jicho ameacha kidoa cheupe cha nuru. Mashavu ameyapaka rangi ya waridi. Meno hakuyasahau, maana zimwi bila ya meno si zimwi, lakini yalikuwa mawili tu, madogo, yakichungulia mdomoni kama ya mtoto aliyeanza kuota. Ngoma iko ubavuni, na juu ya ngoma ametua kipepeo.

Bibi yake aliutazama mchoro ule akavunjika moyo. "Hili si zimwi, mwanangu," alisema. "Hiki ni kitoto cha paka kilichoshiba maziwa." Dada yangu, aliyekuwa mgeni wetu kutoka Takaungu, alikuwa na neno zito zaidi. Kwake yeye picha ya chenye roho ni haramu, na picha ya shetani ni haramu mara mbili, na karatasi ile ichanwe kabla malaika hawajaihama nyumba. Mama wa mtoto alikuwa jikoni akikanda unga wa mahamri, akanyamaza kama wanyamazavyo wakaza wana wenye adabu. Ndipo mtoto akanijia mimi.

"Babu, nilichane?"

Nikamwambia aiweke karatasi juu ya kabati la vitabu mpaka tuzungumze. Mazungumzo hayo yamenichukua wiki nzima, na mengine nimeona si ya kuishia nyumbani kwangu.

Nianze na hoja ya dada yangu, maana ndiyo ninayoulizwa mara nyingi zaidi na kina mama wa Shela, Maweni na Mambrui, hasa tangu mtaala mpya ulipoingiza sanaa katika masomo ya watoto wetu. Hadithi za Mtume (S.A.W.) zinazowakemea wenye kufanya sura za viumbe ni sahihi, ni kali, na haifai mtu kuzipita kama asiyezisikia. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.) akamweleza kuwa riziki yake hutokana na kuchora. Ibn Abbas alipomsomea onyo la Mtume, mtu yule alibadilika rangi. Ibn Abbas akamwelekeza kwenye mti na kila kisichokuwa na roho. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelichukua onyo hili kwa uzito, na vitabu vyao vimefika hadi ya kujadili kiumbe asiye na mfano wake duniani, kama farasi mwenye mbawa. Kwa hiyo dada yangu hakusema jambo la kutunga.

Lakini farasi mwenye mbawa ana kisa chake, nacho kimo katika Sunan ya Abu Dawud. Mtume (S.A.W.) alirejea kutoka safarini, na katika chumba cha Bi Aisha (R.A.) palikuwa na pazia. Upepo ukainua pembe ya pazia, yakaonekana yale masanamu yake ya kuchezea, na katikati yake farasi aliyetiwa mbawa mbili za vitambaa. Mtume akamuuliza ni nini kile, na farasi gani huyo mwenye mbawa. Bi Aisha akamjibu kwa kumuuliza kama hakupata kusikia kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Ndugu zangu, kila nikifika hapo katika darsa nasimama kidogo. Hakulitupa lile farasi, wala hakumkaripia mkewe kwa kumtia mnyama mbawa ambazo hazionekani kwa farasi yeyote wa Madina. Alicheka. Na katika Bukhari na Muslim imekuja kwamba Bi Aisha alikuwa na rafiki zake wa kucheza nao masanamu, wakijificha Mtume akiingia, naye akiwarejesha wakacheze.

Kwa ajili hiyo wanazuoni wengi wamevitoa vitu vya watoto vya kuchezea katika katazo lile, Imam Nawawi akiwa miongoni mwa walioinakili ruhusa hiyo. Je, mchoro wa kazi ya shule unaingia katika ruhusa ya masanamu au unabaki chini ya katazo? Hapo wametofautiana, na safu hii si mahali pa kutolea fatwa. Rai yangu ni kwamba kazi ya mtoto ya kujifunza iko karibu zaidi na farasi wa Bi Aisha kuliko na mchongaji aliyekusudia kushindana na Muumba. Isitundikwe ukutani kama pambo, isiwekwe mbele ya mwenye kusali. Ikae daftarini. Na mama atakayechagua tahadhari, mwanawe achore ngoma, mwamba na kombe na kuliacha zimwi lisikike tu, huyo pia asichekwe.

Dada yangu alinisikiliza, akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma." Wanaomjua watajua kwamba hakuridhika.

Hoja ya ahali yangu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Yeye hakuuliza halali wala haramu. Aliuliza hadithi imekwenda wapi.

Siku ya pili nilimwomba mjukuu wangu anifundishe namna anavyochora. Ameyapata kwa video za simu ya mamake, anazozitazama na kuzifuatisha kwa penseli. Alinionyesha jambo ambalo sikulitarajia kwa mtoto wa miaka 9. Alichora duara mbili zilizo sawa. Katika moja akaweka macho madogo juu, karibu na paji la uso, akayapa umbali mdogo. Likawa zee kali. Katika ya pili akayashusha macho, akayapanua, akayatenga, akaacha paji pana. Likawa toto. "Umeona, Babu? Ni macho tu." Hakubadilisha kitu kingine chochote.

Mwaka 1943 mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, aliandika juu ya jambo hili hili. Kwa maelezo yake, kichwa kikubwa kuliko mwili, paji pana, macho makubwa yaliyo chini usoni, mashavu ya mviringo na viungo vifupi vinene huamsha huruma ndani ya mtu mzima, kwa kuwa ndivyo alivyo mtoto mchanga. Huruma hiyo Mwenyezi Mungu kaiweka ili wanyonge wetu walelewe. Lakini moyo haukagui sana. Ukiuonyesha kitoto cha paka chenye sura hiyo, huhurumia, na ukiuonyesha zimwi lililochorwa kwa kipimo hicho, pia huhurumia. Wafanya biashara wamelijua hilo kitambo. Filamu ya Shrek ya mwaka 2001 ilimfanya zimwi wa Kizungu kuwa mtu wa kupendwa, na mwaka huo huo ikatoka nyingine, Monsters, Inc., ambayo majitu ya kutisha watoto usiku ndiyo yanayomwogopa mtoto.

Hapa niseme neno juu ya yule mwanasesere Labubu, kwa sababu nilitumiwa ujumbe wa sauti na kina mama zaidi ya mmoja kwamba jina lake ni la shetani wa Babeli ya kale na anayemweka nyumbani amemkaribisha. Labubu aliumbwa mwaka 2015 na mchoraji Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, katika vitabu vya picha alivyovitoa kwenye ngano za kaskazini ya Ulaya. Kampuni ya Kichina ya Pop Mart ikaanza kumtengeneza kwa wingi mwaka 2019. Ni zimwi lenye meno tisa na masikio ya sungura, basi. Ile habari ya Babeli haina msingi, na aliyeituma bila ya kuihakiki ameacha amri ya Surat al-Hujurat ya kuchunguza khabari inayoletwa na asiyeaminika. Mwenye kutaka kulaumu na alaumu bei yake. Israfu tunaijua bila ya kuitafutia shetani.

Narudi kwa mjukuu wangu. Nilimuuliza kwa nini alilichora zimwi hivyo na bibi yake kamsimulia lenye kucha na macho mekundu. Akaniangalia kama aulizwaye jambo lisilohitaji jawabu. "Ili nilale," akasema.

Jawabu hilo lilinifunga mdomo. Sisi watu wazima wa mwambao tumewaogofya watoto kwa urahisi mno. Asiyekula atachukuliwa na zimwi. Asiyelala ataitiwa jini wa mbuyu. Anayecheza karibu na magofu ya Gede ataonekana na wenyewe wa magofu, mahali ambapo leo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2024, na kinachomtazama mtoto kutoka mtini mara nyingi ni kima. Mimi nilitishwa hivyo, na mpaka nilipokuwa kijana sikuweza kwenda kisimani peke yangu baada ya jua kutua. Ilhali Mtume (S.A.W.), masahaba walipomtania mwenzao aliyelala akagutuka kwa hofu, aliwaambia kwamba si halali kwa Muislamu kumtia hofu Muislamu. Imo katika Abu Dawud. Na tulipokatazwa kuwaacha watoto nje wakati wa Magharibi, maana mashetani huenea saa hiyo, tuliamriwa tuwaingize ndani, tufunge milango kwa jina la Allah. Hatukuamriwa tuwahadithie mpaka wakojoe kitandani. Wajukuu wake Hasan na Husein (R.A.) Mtume aliwakinga kwa dua, akimwomba Allah awalinde na kila shetani, kila chenye sumu na kila jicho baya, na akaeleza kwamba Nabii Ibrahim naye akiwakinga hivyo Ismail na Is-haka. Dua hiyo haikuwapa watoto hofu yoyote.

Waarabu wa kale nao walikuwa na zimwi lao, ghuli, waliyesema huwatokea wasafiri jangwani kwa sura tafauti na kuwapoteza njia. Katika Tirmidhi kuna kisa cha Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), ambaye tende zake zilikuwa zikiibiwa na ghuli. Alimkamata mara ya kwanza, akaapa harejei. Akamwacha. Akarejea. Mara ya mwisho ghuli mwenyewe ndiye aliyemfunza kwamba Ayatul Kursiyyu ikisomwa nyumbani hakuna shetani atakayesogea. Mtume alipoelezwa akasema kasema kweli naye ni mwongo. Kisa hiki huwasimulia watoto wa madrasa, nao hucheka: zimwi linalokamatwa, likaapa kama mwizi wa maembe, likaachiwa.

Kwa hiyo katika kulipunguza meno zimwi, nilikuwa upande wa mtoto. Nilimwendea ahali yangu kumwambia hivyo. Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Wewe unadhani zimwi la hadithi lilikuwa baya wa sura?"

Kisha akanikumbusha hadithi niliyokuwa nimeisahau, aliyosimuliwa na bibi yake. Zimwi linakuja mjini kuposa. Ni kijana mzuri, nywele nyingi nyeusi, kanzu safi, maneno laini, na kila mama anatamani awe mkwewe. Binti wa kwanza anaolewa naye. Hakuna anayeona kitu, ila mdogo wake, mtoto asiyesikilizwa, aliyekaa nyuma ya bwana harusi wakati wa chakula. Yeye anaona inzi akitua kisogoni mwa yule kijana, na nywele zikafunuka, na mdomo wa pili ukammeza inzi. Anawaambia wakubwa. Anaambiwa anyamaze, ana wivu.

"Uzuri wake ndio uliokuwa hadithi," ahali yangu akasema. "Huyu mtoto kalichora zuri, sawa. Lakini kisogo kiko wapi?"

Nilirudi kwenye vitabu vyangu, na humo nikakuta kwamba hadithi zetu za kutisha ambazo padri Edward Steere aliziandika kutoka vinywani mwa watu wa Unguja na kuzipiga chapa London mwaka 1870 zinazo fikra hiyo hiyo. Iko ile ya Nunda, mla watu. Nunda hakuanza kuwa Nunda. Alianza kuwa paka wa Sultani. Akala kuku, watu wakashitaki, Sultani akamtetea kwa kuwa ni wake. Akala mbuzi, akatetewa. Akala watoto wa watu, akatetewa. Mpaka alipowarukia wana wa Sultani mwenyewe na kuwaua, ndipo Sultani alipotamka kwamba huyo si paka tena. Mwanawe mdogo akaondoka kumsaka, na kila mnyama amwuaye akamletea mamake, mbwa, fungo, pundamilia, twiga, kifaru, tembo, na kila mara mama akamwambia siye.

Hapo kwenye twiga nilicheka peke yangu. Kijana wa hadithi alimdhania twiga kuwa ndiye mla watu. Na mwaka 1415 ujumbe wa Malindi yetu hii ulimfikisha twiga kwa mfalme wa Uchina, na huko akapokewa kama qilin, mnyama wa ngano zao aliye mpole hata hakanyagi majani mabichi. Mwaka mmoja kabla alikuwa amefika mwengine kutoka Bengali, akachorwa, na mchoro wake ungalipo. Mnyama ni yule yule, alaye mikakaya. Mmoja kamwona muuaji, mwingine kamwona baraka, na wote wawili kwa kumtazama umbo.

Sasa nifike nilipokuwa nikipaogopa.

Miaka kadhaa nyuma, katika mji mmoja wa mwambao huu ambao sitautaja, mama mmoja aliwaita wazee. Mwanawe wa kike, wa umri wa mjukuu wangu, alikuwa amebadilika: hali, hasomi, anakojoa kitandani baada ya kuacha kwa miaka mingi. Wengine walisema kaingiwa na jini, akasomewa. Mwisho mtoto alisema. Aliyemtaja alikuwa mtu wa nyumba, mcheshi, aletaye biskuti, apendwaye na watoto wote mtaani. Mama aliponyanyua sauti aliambiwa, kama Sultani alivyosema juu ya paka wake, kwamba huyo ni wetu. Likatandikwa jamvi. Pakazungumzwa heshima ya ukoo na jina la binti atakapofika umri wa kuposwa. Pakatolewa fedha. Palisomwa Fatiha. Nami nilikuwa mmoja wa waliokaa kwenye jamvi hilo, na mikono yangu iliinuka pamoja na ya wenzangu.

Sitafuti udhuru. Nilidhani nasitiri. Kusitiri kulikoamriwa ni kumsitiri aliyeteleza baina yake na Mola wake, si kumfunika mwenye kumdhulumu mtoto ili arejee kwake kesho. Sulhu ya kisheria ni baina ya wenye haki, na mwenye haki siku ile alikuwa chumba cha nyuma hakuulizwa kitu. Namwomba Allah anisamehe, na nimemwendea yule mama nikamwomba radhi. Alinipa kiti na chai. Kuhusu radhi alisema ataangalia.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii nimeisikia ikitumiwa kwenye mabaraza kuhalalisha mambo kama haya, kwamba bora wa ndani kuliko wa nje. Mimi naisikia vingine sasa: kwamba linalokujua ndilo linalokula, na linakubakisha uzima wa kutosha ili usionekane umeliwa. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa ripoti juu ya utumiwaji mbaya wa watoto katika utalii wa pwani, ikakadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani. Tuliposoma tulinyoosha vidole hotelini na kwa wageni, na wageni wamo. Lakini ripoti ile ile ilionyesha kwamba kundi kubwa zaidi la wanaume waliohusika walikuwa Wakenya.

Basi ninayowaomba mama na baba wanaosoma safu hii ni haya. Mfunzeni mtoto kwamba mwili wake una mipaka, kwa lugha ya tohara na stara anayoijua tangu anapofunzwa kujisafisha. Kurani imeziweka nyakati tatu za kuomba idhini ndani ya nyumba, na Mtume ameamuru malazi yatenganishwe watoto wafikapo miaka 10. Wengi wetu tunaihifadhi sehemu ya sala katika hadithi hiyo na kuisahau ya malazi. Mwambieni kwamba siri ambayo mtu mzima amemkataza asimwambie mamake, hiyo ndiyo ya kumwambia mamake kwanza. Na akisema, aaminiwe kabla ya kuulizwa alivaa nini au alikwenda kufanya nini. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo kabla hajaoshwa, kisha polisi. Simu ya watoto, namba 116, haina malipo. Wazee wakija na jamvi, mwambieni mzee wa kwanza, hata akiwa ni mimi, kwamba jambo hili kwa sheria ya nchi ni jinai na halimalizwi nyumbani. Kadhi atakwambia hivyo hivyo.

Jumatano nilikaa na mjukuu wangu, nikamrudishia karatasi yake. Nikamwambia haichanwi. Nikamsimulia hadithi ya bwana harusi, yote, pamoja na inzi. Nilikuwa na wasiwasi, nikamtazama uso kila nilipoendelea. Alipofika yule mdogo mtu aliyeambiwa anyamaze alikasirika, akauliza kwa nini hawakumwamini ilhali yeye ndiye aliyekaa nyuma. Nikamwambia walikosea. Akauliza, "Na babu yake pia?" Nikasema naye pia.

Akaigeuza karatasi. Upande wa pili akachora duara ile ile, kubwa kama dafu, mwili ule ule mnene na vimikono vile vile, ila hapana macho wala mashavu: ni zimwi kwa nyuma. Akazijaza nywele kwa kalamu nyeusi, moja moja, kwa muda mrefu. Katikati aliacha nafasi, na pembeni akamweka inzi. Kisha akasita, akaniuliza mdomo wa kisogoni una meno mangapi.

Nikamwambia amuulize bibi yake.